Dungusi Juu ya Mahindi

Mkataba kati yangu na mdogo wangu Aron ulikuwa na sentensi nne, na niliuandika mimi. Bustani ya dungusi aliyotuachia baba yetu, Mzee Benjamini, ilikuwa na mimea sitini na mitatu. Kama Jumamosi ya tarehe 31 Agosti 2024 tungekuta mimea hai isiyopungua hamsini, bustani ingebaki kwangu, huku juu karibu na msitu wa Magamba. Kama ingepungua hamsini, yote iliyosalia ingeteremka Mombo kwa Aron na nisingesema neno. Tulitia sahihi, kila mmoja akachukua nakala yake.

Hoja ya Aron haikuwa ya kipuuzi. "Dada," alisema, "dungusi ni mmea wa jangwa. Hapa kwako mwezi wa saba hata mbuzi wanatafuta masweta." Mombo iko bondeni, jua lake halina mzaha, na Aron ana uwanja mkubwa mbele ya geti. Hoja yangu ilikuwa kwamba baridi peke yake haiui dungusi. Kinachoiua ni baridi na maji kwa pamoja. Dungusi kavu huvumilia hata nyuzi joto tano. Dungusi iliyolowa huanza kuoza kwenye nyuzi kumi. Nimefundisha Biolojia miaka thelathini na mmoja na sikuona sababu ya kuogopa kipupwe kimoja.

Sina mazoea ya kuzungumzia mapenzi ya mtu kwa mmea. Nitataja tu kwamba baba aliziotesha nyingi kwa mbegu, ndani ya makopo ya maziwa, na kwamba tangu afariki, miaka kumi na miwili sasa, kila asubuhi nimeanza siku yangu kwa kuzihesabu. Kama ningeshindwa, ningebaki na tuta la changarawe na kipimajoto.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi kuueleza. Maji ya mwisho yalikuwa tarehe 18 Mei. Baada ya hapo nilisimamisha nguzo na kutandika nailoni ngumu juu ya tuta, ili mvua nyepesi na matone ya ukungu visifike chini. Pembeni niliacha wazi, kwa sababu hewa isiyotembea ni mbaya kuliko baridi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilisoma kipimajoto na kuandika daftarini: tisa, tisa, nane na nusu, kumi. Mimea ilinywea. Ile ya duara ilifanya mikunjo kama puto la juzi, na mirefu ikasinyaa kiunoni. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mmea unapunguza maji yake ili baridi isikute cha kuharibu.

Jirani yangu Saumu hakuridhika. Saumu, ambaye sisi sote tunamwita Mama Hamza, analima karoti na kabichi kwenye ngazi za shamba zilizochongwa mteremkoni chini ya nyumba yangu, na hajawahi kuona jani limelegea akapita bila kufanya kitu.

"Mwalimu," aliniambia siku moja mwezi wa sita, akiwa ameegemea jembe, "hivi viumbe umevifungisha?"

"Vimepumzika."

"Sisi tukifunga, magharibi tunafuturu. Hivi vyako futari yake lini?"

"Katikati ya Septemba."

Aliniangalia, akaiangalia dungusi kubwa ya duara ambayo kijiji kizima kinaiita Meneja kwa sababu ya tumbo lake, akatikisa kichwa. "Hata Meneja kakonda," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Jumanne ya tarehe 23 Julai nilikuwa na safari ya Tanga kuchukua miwani mipya. Nilimpitia Saumu kabla ya kwenda kupanda basi Lushoto mjini.

"Nakuachia bustani siku mbili, Mama Hamza. Usimwagie maji."

"Nisimwagie."

"Hata tone. Hazihitaji kabisa."

"Hazihitaji," alirudia polepole, akinitazama usoni kwa makini. Wakati ule niliuita usikivu.

Niliporudi Alhamisi mchana, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa, na miwani mipya ilinionyesha kila kitu kwa usahihi ambao sikuuomba. Niliusikia mchirizi kabla ya kuuona. Kutoka kwenye mfereji ulio juu ya nyumba, mtaro mpya, uliochimbwa vizuri na kupigwa kingo, uliteremka moja kwa moja hadi kwenye tuta la baba. Tuta lilikuwa bwawa. Dungusi sitini na tatu zilisimama ndani yake kama watu waliokwenda kuoga na kukuta maji ni ya baridi. Meneja alikuwa amezama hadi kwenye mkanda.

Saumu alisimama pembeni, amelowa hadi magotini, jembe begani, uso unang'aa.

"Nimekupa zamu yangu," alisema. "Yote."

Kwa msomaji asiyelima huku, hilo linahitaji maelezo. Mfereji wetu unatoka kwenye kijito cha msituni na unagawanywa kwa zamu. Msimamizi wake ni Mzee Ismaili, ambaye ana saa ya mkononi na hana huruma. Mwezi wa saba, karoti zikiwa shambani na mvua ikiwa hadithi, zamu ya maji haiuzwi wala haiazimwi. Saumu alikuwa amenyima karoti zake mwenyewe, na zamu yake inayofuata ilikuwa baada ya siku nane.

"Nilikuambia hazihitaji," nilisema.

"Ndiyo. Ulisema mara mbili."

"Basi?"

"Mwalimu," alisema, kwa upole ambao mimi niliutumia kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, "mtu ambaye shamba lake linakufa kwa kiu, hapa kwetu, husemaje?"

Huku kwetu hakuna anayeomba maji ya mwenzake. Ni aibu. Mtu akiona jirani anataka kumhurumia, husema hapana, yanatosha, hazihitaji, na akisisitizwa husema tena. Jirani mwenye adabu husikiliza hapana mbili, anarudi kwake, anachukua jembe na kuja kufungulia maji. Nimezaliwa hapa. Ilitosha kufungua daftari langu la mwaka 2022, na niliingia ndani nikalifungua: *Agosti 4. Mzee Ismaili kanipa maji ingawa nilikataa mara mbili. Karoti zangu zimepona.* Nilikuwa nimemwambia Saumu, neno kwa neno, kile ambacho kila mtu mwenye shida ya maji husema. Lilikuwa kosa langu, na lilikuwa na ushahidi wa maandishi.

"Mama Hamza," nilisema, "safari hii nilimaanisha."

Ilimchukua muda. Kisha akaliangalia tuta, akaniangalia mimi, akaweka jembe chini. Alikuwa anaujua mkataba. Kila mtu aliujua. "Aron anakuja lini?"

"Baada ya siku thelathini na saba."

"Na hizi zitaoza baada ya siku ngapi?"

"Zikibaki hivyo, tano. Inabidi zing'olewe zote leo, zioshwe mizizi, zilale mahali pakavu penye joto. Mizizi nje, bila udongo. Zinaweza kukaa hivyo hata miezi miwili." Nilitazama ukungu. Kipimajoto kilisoma kumi na moja, saa nane mchana. "Tatizo ni kwamba hakuna mahali pakavu penye joto."

"Mbegu ya mahindi sisi tunaikaushia wapi?" aliuliza Saumu.

Sikulifikiria hilo kwa sababu mimi napikia gesi, jambo ambalo hadi siku ile nililihesabu kuwa maendeleo. Majirani zangu wote wana jiko la kuni lenye dari ya fito juu ya mafiga, na juu ya dari hiyo hulala mahindi ya mbegu, moshi ukipita katikati yake mwaka mzima. Niliingia kwa Saumu, nikapanda ngazi na kipimajoto mkononi. Ishirini na sita. Unyevu hakuna. Panya hakuna, kwa sababu ya moshi. Nilishuka nikiwa na macho mekundu na nikamwambia kwamba dari yake ni bora kuliko chumba chochote cha kukaushia nilichowahi kukiona shuleni.

"Sasa ndiyo unajua?" alisema. "Na mtu alikuwa anakulipa mshahara."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo daftari langu halikuweza kuifuata. Saumu alipanda juu ya ngazi ya shamba akaita kwa Kishambaa, sauti ikapenya ukungu, na ndani ya robo saa walikuwepo Jenoveva wa kwaya, Bibi Hidaya na fimbo yake, na Mzee Ismaili mwenyewe, ambaye ndiye aliyenyoosha ule mtaro na alikuwa bado anajivunia mteremko wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Yamefika vizuri?"

"Yamefika vizuri sana."

"Nilijua," alisema.

Tulipomweleza, aliangalia saa yake kama mtu anayetaka kuirudisha nyuma, kisha akavua koti.

Dungusi haing'olewi kwa mikono mitupu. Tulitumia kila kitu. Mzee Ismaili alizishika kwa koleo la mkaa. Saumu alizifunga magunia. Jenoveva, ambaye ni mwanamke mwenye nguvu na anaimba besi pale wanaume wanapopungua, alimbeba Meneja mgongoni kwa kanga kama mtoto, magunia matatu katikati, na kila alipopiga hatua Meneja alimchoma naye akasema "tulia, mwanangu" bila kusimama. Bibi Hidaya, ambaye umri wake haujulikani lakini anakumbuka barabara ya Mombo kabla ya lami, alikataa kubeba kitu hadi apewe "yule mwenye mvi." Alikuwa anamaanisha namba 22 katika daftari langu, ambayo imefunikwa nywele nyeupe kuanzia kichwani hadi chini. Alimlaza kwenye ungo, akamtazama kwa muda.

"Huyu na mimi tumeanza kazi mwaka mmoja," alisema.

Tulikuwa tunapita kwenye njia ya kijiji mmoja nyuma ya mwingine, ndani ya ukungu mzito, watu watano wenye miiba. Kijana wa bodaboda alisimama kutupisha. Aliangalia ungo, akaangalia kanga ya Jenoveva na kile kilichochungulia juu ya bega lake, akauliza kwa heshima kama ni harusi au msiba.

"Ni uhamisho," alisema Mzee Ismaili.

Hapo ndipo kicheko kiliponishika. Ninakieleza kwa sababu hakikuwa cha kawaida yangu. Kilianza tumboni, kikanifikia magotini, na nililazimika kuweka namba 40 hadi 43 chini na kushika mti. Saumu akanitazama, naye akashikwa. Jenoveva alijaribu kujizuia kwa ajili ya Meneja, lakini kila akicheka alichomwa na kila akichomwa alicheka zaidi, hadi machozi yakamtoka ya aina zote mbili. Bibi Hidaya alisema kwa Kishambaa kitu ambacho sitakitafsiri, na Mzee Ismaili, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, alikaa chini barabarani. Kwa mujibu wa saa yake tulipoteza dakika kumi na nane.

Kufikia jioni, mimea yote ilikuwa darini, imelazwa juu ya mahindi, mizizi ikielekea kwenye joto: kumi na saba kwa Saumu, kumi na saba kwa Mzee Ismaili, kumi na mitano kwa Jenoveva, kumi na minne kwa Bibi Hidaya. Niliiandika yote. Usiku niliota niko shuleni nafundisha mahindi.

Mwezi wa Agosti ulikuwa wa kupanda ngazi. Kila asubuhi nilizunguka majiko manne na lenzi ya mkono, nikibonyeza mashina moja moja. Shina gumu ni zima. Shina linalobonyea kama ndizi iliyopitiliza ni la kutupa. Maji ya Saumu yalikuwa yameingia ndani ya baadhi kabla hatujazing'oa, na hizo zilikufa kwa zamu, kana kwamba Mzee Ismaili amezipangia. Tarehe 2 Agosti nilimkuta namba 7 amelainika chini na kuwa kahawia kwa urefu wa shibiri nzima. Namba 7 ilikuwa nguzo ndefu ya kijani, ya kwanza kabisa ambayo baba aliiotesha ikaota. Niliandika *7: imekufa*, nikamkabidhi Saumu akaitupe, na nikaenda kwa Jenoveva. Sikukaa. Kulikuwa na ngazi tatu zaidi za kupanda.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba wenye majiko walianza ushindani. Jenoveva alidai kwamba za kwake zina rangi nzuri zaidi kwa sababu anaziimbia mazoezi ya kwaya. Mzee Ismaili alizigeuza kila baada ya saa sita, kwa saa. Bibi Hidaya alimwamkia namba 22 kila asubuhi, akasubiri, kisha akaniambia kwamba huyu mtu hana salamu lakini ni mtulivu. Zote zilikuwa nyeusi kwa masizi. Nilizipiga mswaki Jumapili baada ya ibada, na majirani waliniletea miswaki yao ya zamani kwenye mfuko, bila kuombwa.

Ijumaa ya tarehe 30 nilijumlisha. Nikajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu. Zilizokufa kumi na nne. Zilizo hai arobaini na tisa.

Aron alifika kesho yake saa nne asubuhi, amevaa shati la mikono mifupi, peke yake, ila alikuwa ameshaagiza pikapu ije saa kumi. Aron ana kilo mia moja na nne kwa mizani ya zahanati na anatembea kama mtu mwenye ardhi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepoa?"

"Nimeganda." Alizunguka nyumba, akafika kwenye tuta. Changarawe tupu, nguzo, nailoni, na mtaro wa Mzee Ismaili uliokwenda mahali pasipo na kitu. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi, uso wake haukuwa wa mshindi. "Zote?" aliuliza.

"Ziko darini," nilisema. "Jikoni kwa watu. Utahesabu mwenyewe, kwa mkono wako. Nikikwambia namba, utaniambia nimependelea."

Tulianza kwa Mzee Ismaili. Aron alipanda, ngazi ikalia, na kutoka juu, ndani ya moshi, nikasikia kikohozi na namba. Nilimfundisha kubonyeza. Alihesabu kumi na nne, akashuka mweusi hadi kwenye nyusi, na kumkuta mke wa Mzee Ismaili ameshatenga ugali, maharage na kabichi.

Huku kwetu mgeni aliyeingia jikoni hatoki bila kula. Aron alizaliwa hapa, lakini amekaa Mombo miaka ishirini. Alikula, akashukuru. Kwa Jenoveva alihesabu kumi na moja, na mikono yake ilikuwa salama hadi alipomjaribu Meneja kwa kidole gumba, akachomwa. Alikuwa bado anakinyonya alipowekewa makande.

"Mama, mimi nimeshiba," alisema. "Nimetoka kula kwa Mzee Ismaili."

"Kidogo tu."

"Hapana, kweli, nimeshiba."

Niliketi kwenye kigoda na kunyamaza. Alikuwa amesema hapana mbili, na nilijua kwa uzoefu zinachimbiwa mtaro wa namna gani. Jenoveva aliongeza upawa.

Kwa Bibi Hidaya zilikuwa kumi, pamoja na mwenye mvi, ambaye Aron alitambulishwa kwake rasmi. Kisha ugali wa muhogo na mchicha, katika bakuli ambalo huku tunanawia miguu. Aron hakusema tena kwamba ameshiba. Alinitazama tu, mikono miwili juu ya tumbo, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikaona anaomba msaada.

"Kula, mjukuu wangu," alisema Bibi Hidaya. "Mombo hamna chakula. Ona ulivyokonda."

Nililazimika kutoka nje. Nilisimama nyuma ya jiko, nikauma upindo wa kanga, nikasubiri mabega yatulie. Nilikuwa najua kwamba ndani ya saa mbili nitapoteza bustani ya baba, na bado sikuweza kuzuia kicheko. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Thelathini na tano. Jiko la mwisho lilikuwa la Saumu. Aron alipanda ngazi hatua moja kwa wakati, akipumua kati ya hatua. Mzee Ismaili, Jenoveva na Bibi Hidaya walikuwa wametufuata, na jiko likajaa. Aron alihesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kisha tukasikia mahindi yanasogezwa huku na huku.

"Dada," alisema kutoka juu. "Ni kumi na nne tu?"

"Ndiyo."

"Arobaini na tisa?"

"Arobaini na tisa."

"Ulijua?"

"Tangu jana."

Kuni ilipasuka mafigani. Nilifungua daftari, nikaandika namba, nikalifunga. Mkataba una sentensi nne na hakuna hata moja inayosema *karibu hamsini*.

Saumu alikuwa akigeuza wali, ametugeuzia mgongo. Aliweka mwiko chini. Alikwenda kwenye kona nyuma ya mlango, pale anapoweka debe la majivu, akainama, akarudi na debe lenyewe na kuliweka mbele yangu.

"Usinigombeze," alisema.

Ndani ya majivu makavu ilisimama nguzo ya kijani, fupi kama mkono wa mtoto, kichwa juu. Ilikuwa imefunikwa vumbi jeupe. Niliitambua kwa mbavu zake sita na kovu dogo la ubavuni.

"Namba 7 ilikufa," nilisema. "Imeandikwa."

"Miguu ilikufa," alisema Saumu. "Ulinipa nikatupe. Nikasema, kabichi ikioza chini mimi situpi juu. Nikaikata palipo pazuri, nikaipaka majivu, nikaiacha ikauke jikoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishaandika, Mwalimu. Nani abishane na daftari? Halafu maji yalikuwa yangu. Nikasema kama itakufa mara ya pili, basi ife kwangu, wewe usiione."

Nilipiga magoti. Nilishika nguzo kwa gunia na kuivuta taratibu, majivu yakaporomoka, na nikaleta lenzi. Kwenye kidonda kilichokauka na kuwa kama ngozi, palikuwa na nyuzi nne nyeupe. Ndefu kuliko zote ilikuwa na milimita sita. Nilipima mara mbili.

"Aron," nilisema, "shuka uone."

"Nisubirini," alisema. "Nimekwama."

Hakukwama kwa fito wala kwa ngazi. Milo mitatu ilikuwa imemweka mahali ambapo hakuweza kuinama kuitafuta hatua ya chini. Mzee Ismaili alimshika mguu wa kushoto na Jenoveva wa kulia, wakamteremsha kama gunia la karoti, na alipofika chini alikaa palepale sakafuni karibu na debe. Nilimpa lenzi. Alitazama kwa jicho moja, akabadilisha jicho.

"Hii ndiyo ile ya kwanza ya baba," alisema. "Ya kopo la maziwa."

"Ndiyo hiyo."

"Kichwa peke yake ni mmea?"

"Kichwa peke yake ni kipande. Chenye shina, ncha inayokua na mizizi ni mmea. Ningempa mwanafunzi sifuri kama angejibu vinginevyo. Lakini usinisikilize mimi, mimi nina maslahi."

Alitazama tena, muda mrefu zaidi. Kisha akanirudishia lenzi, akajifuta masizi usoni na kuyafanya mabaya zaidi.

"Hamsini," alisema. "Na ningetaka kubishana, nimeshiba mno."

Nilifungua daftari. Nilipiga mstari juu ya neno *imekufa* na kuandika pembeni: *kosa la mwandishi*. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuandika hivyo. Jenoveva alianzisha wimbo, kwa besi. Bibi Hidaya alipiga fimbo chini. Nilisimama nikashika mabega ya Saumu na tukazunguka mafiga, mara mbili au tatu, sikuhesabu, hadi kisahani cha chumvi kikaanguka na Mzee Ismaili akaokoa sufuria.

"Sasa wali umeiva," alisema Saumu, akihema. "Aron, sogea."

Aron alifumba macho. Hakusema hapana. Alikuwa amejifunza.

Pikapu ilipofika saa kumi ilirudi Mombo na Aron peke yake, amelala kiti cha mbele, dirisha wazi. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, chipukizi la Meneja la kuweka karibu na geti, nami nikampa mawili na maelekezo ya ukurasa mmoja.

Wiki ya pili ya Septemba ukungu ulianza kuchelewa kuja. Asubuhi kipimajoto kilifika kumi na nne. Tulizirudisha dungusi kwenye changarawe kavu, zikiwa nyeusi kidogo na zenye harufu ya nyama choma, na nikasimama na Saumu kwenye ukingo wa tuta. Mtaro wa Mzee Ismaili bado ulikuwepo. Sikuuziba.

"Mama Hamza," nilisema, "zamu yako ni lini?"

"Jumanne."

Nilijua ninachotaka kusema, na nilijua kwamba hakuna mtu wa upande huu wa mlima aliyewahi kukisema mwezi wa tisa akiwa na akili timamu.

"Ninaomba maji," nilisema. "Ndoo mbili. Ninazihitaji."

Saumu alinikazia macho. Akafunika mdomo kwa kanga. Akajaribu kunijibu, akashindwa, akajaribu tena, na hatimaye akakaa chini kwenye ngazi ya shamba katikati ya karoti zake, akicheka bila sauti, mkono mmoja umeinuliwa kunionyesha kwamba amesikia, nizisubiri, zinakuja.